Rivolva isiyokupiga teke: mwongozo wa risasi laini kwa anayeanza

Shemeji yangu ni muuguzi wa zamu za usiku hapa Columbus, Ohio. Jumapili moja alinipigia simu kabla sijamaliza chai. "Shemeji, hujambo? Njoo ukichukue hiki kitu. Chapiga teke kama punda wa Lamu. Mkono wangu hata sindano siwezi kushika."

Kitu chenyewe kilikuwa rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ndogo, ya chemba (matundu ya kutilia risasi) tano, nyepesi, gramu 480 hivi, iliyotengenezwa kwa risasi za .357 Magnum. Dukani waliambiana kuwa mwanamke apewe kidogo kinachoingia kwenye mkoba, wakamfungia na sanduku la Magnum juu yake. Alipiga tano. Kifundo cha kidole cha kati kilikuwa kimevimba, kwa sababu chuma kinachozunguka triga kilikuwa kikimgonga kila mlio. Sanduku lilibaki na risasi 45.

Bastola haikuwa na kosa, wala yeye. Kosa lilikuwa kuoanisha chuma chepesi na risasi kali, halafu kumpa mtu ambaye hajawahi kushika silaha. Hatukubadilisha bastola. Tulibadilisha sanduku, tukabadilisha mpini, tukaanza upya. Nimeziandika hatua tulizopita kwa anayeishi mahali ambapo sheria inamruhusu kufanya haya, hasa wenzetu walioko Marekani.

Kwanza, sheria

Kwa ufupi, lakini usiruke. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza aliyeko nchini bila hadhi halali kumiliki silaha au risasi, na inamkataza pia mwenye viza ya muda, kama ya mwanafunzi au mtalii, isipokuwa kwa vighairi vichache, mfano mwenye leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani hayumo kwenye katazo hilo. Duka lenye leseni haliruhusiwi kumuuzia risasi za bastola aliye chini ya miaka 21. Juu ya hayo kila jimbo lina yake. Kama karatasi zako bado zina utata, zungumza na wakili wa uhamiaji kabla hujagusa hata ganda tupu, maana kosa la silaha linaweza kukufungia mlango wa ukaazi.

Soma kilichochongwa kwenye mtutu

Usiamini maneno ya aliyekuuzia, wala ya binamu. Geuza mtutu uelekee mahali salama, fungua silinda, hakikisha chemba zote ni tupu, kisha soma maandishi ubavuni mwa mtutu. Hapo ndipo penye jina la risasi inayokubalika.

Ukikuta .38 Special, hiyo ni risasi ya Smith & Wesson iliyoanza mwaka 1898. Ukikuta .357 Magnum, hiyo ni ya mwaka 1935, na ni mtoto wa ile ya kwanza. Kichwa, yaani kile kipande kinachoruka, kina unene uleule, ila ganda limerefushwa milimita tatu na nusu kasoro kidogo, makusudi, ili lisitumbukie kikamilifu kwenye rivolva ya .38 na kuipasua. Kwa hiyo rivolva ya .357 hupiga risasi za .38 Special bila shida yoyote. Kinyume chake ni marufuku.

Uhusiano huo ndio ufunguo wa mwongozo huu. Jozi za aina hiyo zipo nyingine: rivolva ya .44 Magnum hula .44 Special, na ile ya .327 Federal Magnum hula .32 H&R Magnum na .32 S&W Long. Mwenye bastola ya risasi kali karibu kila mara ana ndugu mpole wa risasi hiyo anayetoshea chemba ileile.

Jihadhari na majina yanayofanana. .38 S&W siyo .38 Special; ni fupi na nene zaidi. .380 Auto ni kitu kingine kabisa. Na alama ya +P kwenye sanduku maana yake ni shinikizo lililopandishwa juu ya kawaida. Ukikuta rivolva kuukuu ya babu wa mtu, yenye fremu ya aloi nyepesi, usiipe +P mpaka kitabu cha mtengenezaji kiseme wazi kwamba inazimudu.

Teke linatoka wapi

Watu hudhani teke ni suala la ukubwa wa tundu la mtutu. Siyo. Ni uzito wa kichwa cha risasi ukizidishwa kwa kasi yake, halafu unaulizwa: chuma kinacholipokea kina uzito gani?

Kwanza tuelewane kuhusu kipimo. Masanduku ya risasi hupima kwa greni, na greni moja ni gramu 0.065. Usichanganye greni na gramu. Ukichanganya kwenye mizani ya baruti unaweza kupoteza vidole. Kichwa cha greni 158 ni gramu 10.2. Cha greni 148 ni gramu 9.6. Cha 125 ni gramu 8.1.

Chukua sasa risasi laini ya shabaha ya .38 Special yenye kichwa cha greni 148, inayotoka kwa mita 215 hivi kwa sekunde. Linganisha na .357 Magnum ya greni 158 inayotoka kwa mita 376 hivi. Nimepiga hesabu kwa kichwa cha risasi peke yake, bila gesi ya baruti, na kwa kasi ileile ingawa mtutu mfupi huipunguza kidogo. Kwenye rivolva ya chuma ya kilo moja na gramu 50, nishati inayorudi mkononi ni kama jouli 2 kwa ile laini na jouli 7 kwa Magnum. Kwenye kile kijibastola cha shemeji cha gramu 480, ile laini inarudisha kama jouli 4.4. Magnum inarudisha 15.

Hebu rudia kuziangalia tarakimu hizo. Magnum mkononi mwake ilikuwa inampiga zaidi ya mara saba ya kile ambacho mwanafunzi wa rivolva nzito anakipata kwa risasi ya shabaha. Na kwa kubadilisha sanduku tu, bila kununua bastola nyingine, 15 inashuka hadi 4.4. Gesi ukiiingiza kwenye hesabu pengo linazidi kupanuka, kwa sababu Magnum inachoma baruti nyingi zaidi na ile gesi nayo inatoka kwa kasi.

Ndiyo maana mimi nikiulizwa na anayeanza anunue nini, namwambia rivolva ya chuma, nzito, yenye mtutu wa inchi nne. Ya mkoba inakuja baadaye.

Kuchagua sanduku

Dukani omba .38 Special ya greni 148 aina ya wadikata. Utaitambua bila kusoma: kichwa hakichongoki. Kimekatwa bapa kama kizibo cha chupa na kuzama ndani ya ganda hadi usawa wa mdomo wake, kiasi kwamba ukiitazama ghafla utadhani ni ganda tupu. Iliundwa kwa ajili ya walenga shabaha, kwa sababu ule ubapa hukata karatasi tundu la mviringo safi kama la mashine ya ofisini ya kutoboa, na mwamuzi hapati tabu kuhesabu alama. Mlio wake ni mnene na mfupi. Mara nyingi bei yake iko juu kidogo ya risasi za kawaida za mazoezi, na sioni aibu kukuambia uilipe.

Ukiikosa, chukua .38 Special ya kawaida ya greni 158, kichwa cha mviringo, isiyo na alama ya +P. Shinikizo la juu linaloruhusiwa kwa .38 Special ya kawaida ni pauni 17,000 kwa inchi ya mraba, kwa .357 Magnum ni 35,000. Tofauti hiyo utaisikia kwenye mifupa ya kiganja.

Kuna masanduku pia yameandikwa kwamba ni ya teke dogo, na vichwa vyake huwa vyepesi, greni 110 au chini. Yanafaa, ila angalia mambo mawili. Kwanza, rivolva nyingi za .38 zenye vilengeo visivyorekebishika zimepimwa kwa kichwa cha greni 158. Ukipiga kichwa chepesi chenye kasi, tundu litakuwa chini ya pale ulipolenga. Ukipiga kizito cha polepole, litapanda. Watu hulaumu mkono kumbe ni sanduku. Pili, baadhi ya rivolva nyepesi mno zimeandikwa kwenye mtutu uzito wa chini wa kichwa unaoruhusiwa. Soma kabla hujalipa.

Kwa mtu mwenye yabisi ya viungo au mikono midogo sana, kuna njia ambayo wauza duka huisahau: risasi za inchi .32. Ile .32 S&W Long ni ya tangu mwisho wa karne ya 19 na hadi leo walenga shabaha wa mashindano ya mita 25 huitumia, kwa sababu inagusa mkono kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Na kama ni kujifunza tu, .22 LR, ile risasi ndogo ya mazoezi, haina mpinzani kwa bei wala kwa upole.

Mpini, kisha mikono

Rivolva ndogo huja na mpini mwembamba ili isionekane ndani ya nguo. Mpini huo unaacha mgongo wa chuma wazi, na mgongo huo ndio unaochimba kiganja. Tulinunua mpini wa mpira unaofunika mgongo wote na kujaza nafasi nyuma ya chuma kinachozunguka triga. Bisibisi moja, dakika kumi. Uvimbe wa kidole cha kati haukurudi tena.

Kushika sasa. Mkono wenye nguvu upande juu kabisa ya mgongo wa mpini, juu kadiri nyundo inavyoruhusu. Ukishika chini, mtutu unaruka kama mkia wa jongoo aliyekanyagwa. Mkono wa pili ufunike vidole vya wa kwanza. Kidole gumba kilale juu ya gumba jingine, vyote nyuma ya silinda.

Nasisitiza hapo penye "nyuma". Kati ya silinda na mtutu kuna mwanya, mwembamba kama karatasi moja au mbili, na kila risasi inapopita hapo gesi ya moto na vipande vya madini huchomoza pande zote mbili. Aliyezoea bastola za magazini huwa ananyoosha gumba mbele. Kwenye rivolva gumba hilo linaungua, na kwa Magnum linakatwa. Hata aliyesimama kando yako asisogee usawa wa silinda.

Simama mguu mmoja nyuma kidogo, kifua kimeinamia mbele, viwiko vimelegea kiasi. Usiegemee nyuma. Mtu anayeegemea nyuma anakuwa ameshakubali kushindwa kabla ya mlio.

Risasi hamsini za kwanza

Ubaya wa teke siyo maumivu, maumivu yanapoa. Ubaya ni kwamba mwili unajifunza. Baada ya milio michache mikali, mkono unaanza kujikaza na kusukuma mtutu chini nukta chache tu za sekunde kabla ya risasi kutoka, na macho yanafumba. Mwenyewe hajui. Anaona tu matundu yote yako chini kushoto ya shabaha, anazidi kununua risasi, anazidi kuimarisha lile kosa. Mazoea hayo yanajengwa siku moja, na kuyabomoa ni kazi ya miezi.

Rivolva ina dawa yake, na ni nzuri kuliko ya bastola yoyote nyingine. Mtu wa pili, mzoefu, achukue bastola. Mtutu ukiwa umeelekea shabaha, atie risasi mbili na maganda matatu yaliyokwisha kupigwa, azungushe silinda polepole, aifunge kwa mkono. Asiipigize kwa kuitikisa kama kwenye sinema. Inapinda kiungo cha silinda. Kisha ampe mpigaji naye apige zote tano bila kujua ipi ni ipi.

Pale nyundo inapoangukia ganda tupu, ukweli wote unatoka. Mtutu ukitulia kimya, mko sawa. Ukidondoka kama mtu aliyesinzia kwenye daladala, mmeona wenyewe. Shemeji yangu mara ya kwanza alidondosha mtutu kiasi cha kupata kioja, akacheka mpaka msimamizi wa uwanja akaja kutazama. "Kumbe ni mimi, siyo hiki kitu?" Nilimwambia ni wote wawili.

Panga siku ya kwanza hivi: milio kumi ya .22 kama mnaweza kukodi, kisha ishirini za wadikata kwa umbali wa mita tano, kisha zoezi la maganda matupu, kisha kumi za mwisho, mwende nyumbani. Ukiona mpigaji amechoka kabla ya hapo, simamisheni. Nyumbani aendelee kuvuta triga bastola ikiwa tupu, risasi zote zikiwa chumba kingine mlango umefungwa, sarafu imelazwa juu ya mtutu. Sarafu ikibaki pale nyundo inapoanguka, triga imevutwa vizuri. Rivolva za .22 usizifanyie hivyo mpaka uangalie kitabu chake, nyingi zinaharibika.

Masikio. Mlio wa bastola hufika desibeli 155 hadi 160, na 140 tayari ni mpaka wa hatari kwa sauti ya mara moja. Ndani ya ukumbi vaa vizibo, kisha vifunika masikio juu yake, vyote kwa pamoja. Nusu ya kile watu wanachokiita teke ni mlio. Mwanafunzi akizibwa masikio vizuri hata mkono wake unatulia. Miwani nayo ni lazima, kwa sababu ya ule mwanya niliousema.

Sikiliza kila mlio

Risasi laini ina tabia moja ya kuijua: iko karibu zaidi na ile hali ambayo nguvu haitoshi kabisa. Ukivuta triga ukasikia "pu" badala ya "paa", au mkono haukuhisi chochote, acha. Usivute tena. Huenda kichwa kimekwama ndani ya mtutu, na kinachofuata kikigonga cha kwanza mtutu unavimba au silinda inapasuka mkononi. Rivolva ni hatari zaidi hapa, kwa kuwa ukivuta triga tena silinda inazunguka yenyewe na kukuletea risasi mpya bila kuuliza.

Mtutu uelekee shabaha, hesabu sekunde 60, fungua silinda, toa vyote. Angalia mtutu kwa kutokea nyuma, taa ikiwa mbele. Usipoona mwanga, kazi yako imekwisha. Mpelekee fundi wa silaha. Wakati mwingine silinda yenyewe itakataa kufunguka kwa sababu kichwa kimekwama nusu ndani ya mtutu, nusu ndani ya chemba. Usipige nyundo. Mwite msimamizi.

Nyundo ikianguka pasipo mlio wowote, subiri vilevile, mtutu ukiwa mbele. Fataki, kile kidude cha kuwashia baruti kitakoni mwa ganda, hulala, na mara chache huamka ikiwa imechelewa.

Kuna tatizo jingine la bastola nyepesi mno zikipewa risasi kali: kila mlio unavuta maganda nyuma kwa ghafla na vichwa vya risasi ambazo bado hazijapigwa vinachomoka kidogo kidogo kuelekea mbele, mpaka kimoja kinatokeza nje ya silinda na kuikwamisha isizunguke. Piga risasi zote isipokuwa moja, kisha ipime ile iliyobaki dhidi ya mpya kutoka sandukuni. Kama imerefuka, sanduku hilo siyo la bastola hiyo.

Masizi na madini

Risasi laini huchoma vibaya. Shinikizo lake dogo haliunguzi baruti yote, kwa hiyo utakuta maganda yamepakwa masizi kwa nje na chembe za baruti ambazo hazijaungua, kama ufuta mweusi. Chembe moja ikiingia chini ya ile nyota inayosukuma maganda, silinda inakaza na triga inakuwa nzito ghafla. Wengi hudhani bastola imeharibika. Dawa ni namna ya kutoa maganda: inua mtutu juu, piga kijiti cha kutolea kwa kiganja mara moja kwa nguvu, maganda na uchafu vianguke pamoja. Ukikibonyeza taratibu mtutu ukiwa chini, uchafu unabaki ndani. Beba mswaki mkuukuu.

Kwa wenye rivolva ya .357 wanaopiga .38, kama sisi, kuna kazi ya ziada. Ganda la .38 ni fupi, kwa hiyo masizi na madini hujenga pete ndani ya chemba mbele ya mdomo wake, pale ambapo ganda refu la .357 lingefika. Baada ya masanduku kadhaa, ukitia .357 inaingia kwa shida, ikipigwa ganda linang'ang'ania kutoka, na ganda lililobanwa na pete hiyo huweza kupandisha shinikizo. Paka dawa ya kusafishia, iache dakika kumi na tano, sugua kila chemba kwa brashi ya bronzi iliyo pana kidogo kuliko ile ya mtutu. Ukitia .357 mpya ikadondoka kwa uzito wake, umemaliza.

Lugha yetu inaita kitu na madini yake jina moja, risasi, na hapo ndipo penye onyo. Madini ya risasi hayaishii kwenye shabaha. Yamo kwenye vichwa visivyovikwa shaba, yamo kwenye moshi wa fataki nyingi, yanatua kwenye nywele, mikono na viatu. Kwa mtoto, tangu 2021 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, hutumia mikrogramu 3.5 tu kwa desilita moja ya damu kama kiwango cha kuanza kufuatilia. Kwa hiyo usile wala kunywa uwanjani, osha mikono na uso kwa sabuni kabla hujaingia garini, viatu vya uwanjani vikae nje ya mlango, nguo zifuliwe peke yake. Mjamzito na anayenyonyesha wasiingie kabisa kwenye ukumbi wa ndani. Na mswaki ule mkuukuu uwekee alama.

Kuhusu kujijazia mwenyewe

Utasikia uwanjani wazee wakisema wao hawanunui risasi laini, wanajaza wenyewe nyumbani kwa kutumia tena maganda. Ni kazi halali Marekani kwa matumizi yako mwenyewe, ni ya kutuliza roho, na kwa anayepiga mamia kwa mwezi inapunguza gharama. Kuuza ulizojaza kunataka leseni. Mimi mwenyewe nilifundishwa na mzee mmoja Mwamerika jirani, karakana yake ina harufu ya mafuta na kahawa.

Kipimo cha baruti sitakuandikia hapa, na ukimwona mtu anakiandika mtandaoni kwa kichwa chake, mpite. Vipimo ni vya kitabu kinachotolewa na mtengenezaji wa baruti yenyewe, toleo la karibuni, kwa kichwa kilekile, ganda lilelile. Ninachoweza kukupa ni mitego, maana risasi laini ina mitego kuliko kali.

Mtego wa kwanza: .38 Special ilizaliwa enzi za baruti nyeusi, ganda lake ni refu kuliko baruti ya leo inavyohitaji. Kiasi kidogo kinakaa chini kama chumvi kwenye kikombe. Ukikosea ukatia mara mbili, bado nafasi ipo, halimwagiki, hujui. Mzee alinifundisha kupanga maganda 50 kwenye ubao wenye matundu, kisha kupita na tochi juu ya kila moja kabla ya kuweka kichwa. Ganda moja likiwa na kimo tofauti na majirani, yote yanamwagwa.

Mtego wa pili ni kudhani kwamba laini maana yake ni kupunguza tu. Kila baruti ina kiwango cha chini kitabuni, na baadhi ya zile za polepole zilizotengenezwa kwa Magnum watengenezaji wake huonya wazi zisipunguzwe. Ukishuka chini ya kiwango, kichwa hukwama kwenye mtutu, hasa kilichovikwa shaba. Mezani kuwe na chupa moja tu ya baruti. Simu ikae sebuleni. Ukiitwa na mtoto katikati ya kazi, ukirudi usiamini kumbukumbu yako. Anza lile ganda upya.

Usianze kwa kusoma peke yake, ukiwemo mwongozo huu. Kaa kando ya mzoefu jioni kadhaa uangalie mikono yake. Na usipige risasi zilizojazwa na mtu mwingine, hata kama ni rafiki, hata kama ni bure.

Begi

Hili lilinikuta mimi. Nilikuwa nafunga safari ya Zanzibar kwa msiba, nikachukua begi la mgongoni lililokuwa karibu, lilelile la uwanjani. Nikatia nguo, nikatia hati ya kusafiria. Mke wangu akalikung'uta kitandani kwa sababu alilisikia linanuka baruti. Kwenye mshono wa mfuko wa pembeni ikabingirika wadikata moja, bapa, kama kizibo.

Moja tu inatosha kukuharibia safari hapa Marekani kwenye ukaguzi, na ukibadilisha ndege Dubai au Doha ni kesi. Ukifika nyumbani ni kesi nzito zaidi: Kenya kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114, Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, zote hazitaki kusikia kwamba ulisahau. Begi la uwanjani liwe la uwanjani tu, rangi tofauti, lining'inie kando ya kabati la silaha. Langu sasa ni la chungwa.